Vya Kwenu Mmeviweka Wapi?

Mgeni hujifunza mengi kwa kutazama, lakini pengine hujifunza zaidi kwa kuulizwa. Nilipokuwa Seoul, mji mkuu wa Korea Kusini, nilitembezwa katika jumba la sanaa liitwalo Leeum na mwanafunzi Mkorea anayesoma Kiswahili. Si ajabu kumpata mwanafunzi wa aina hiyo mjini humo, kwani Chuo Kikuu cha Hankuk cha Taaluma za Kigeni hufundisha lugha yetu. Tulikuwa tumekwisha kuzunguka ghorofa zote na tumeketi nje tukipumzisha miguu, ndipo aliponigeukia akaniuliza kwa Kiswahili kilichonyooka: "Kaka, na vya kwenu mmeviweka wapi?"

Nilianza kumweleza habari za vyungu na vinyago. Akatikisa kichwa. Alikuwa akiulizia tenzi. Alikuwa ameusoma Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, katika kitabu kilichopigwa chapa kwa hati za Kirumi, naye alitaka kujua akija Kenya ataingia jumba gani auone utenzi kama huo ulivyoandikwa kwa mkono. Jibu la kwanza lililonijia ulimini lilikuwa London. Nililimeza jibu hilo kwa aibu, nikasema kwamba nitamtafutia.

Makala haya ni jaribio la kumjibu kwa kuchelewa. Nia yangu si kuwasimulia wasomaji safari, kwa kuwa safari za watu hazina tija kwa asiyesafiri. Ninalotaka kulidai ni kwamba sisi wanafunzi wa Kiswahili tumetumia miaka mingi kubishana kuhusu lipi ni bora kati ya mapokeo na usasa, na katika ubishi huo tumesahau kuyatunza na kuyasoma yale tunayoyaita mapokeo. Jumba la Leeum lilinionyesha kosa hilo waziwazi kuliko mhadhara wowote niliowahi kuuhudhuria.

Leeum iko katika mtaa wa Hannam-dong, kwenye miteremko ya mlima Namsan, na ilifunguliwa mwaka 2004. Jina lake limeundwa kwa kuunganisha Lee, ambalo ni jina la ukoo wa waasisi wa kampuni ya Samsung, na silabi ya mwisho ya neno la Kiingereza lenye maana ya makumbusho. Majengo yake ni matatu na yalibuniwa na wasanifu watatu. Mario Botta wa Uswisi alibuni jengo la sanaa ya kale ya Korea, akalivika vigae vya udongo wa kuchoma na kulipa umbo linalomkumbusha mtazamaji chombo cha mfinyanzi. Jean Nouvel wa Ufaransa alibuni jengo la sanaa ya kisasa kwa chuma cheusi na vioo. Rem Koolhaas wa Uholanzi alibuni jengo la tatu, lililokusudiwa elimu na maonyesho. Mtu akiwa nje hawezi kuyachanganya majengo haya. Hata hivyo, akiingia ndani hutambua kwamba mlango ni mmoja na ukumbi wa kuingilia ni mmoja. Yule aliyekuja kutazama mtungi wa miaka mia tisa na yule aliyekuja kutazama runinga za Nam June Paik hupishana mahali pamoja.

Katika jengo la kale mgeni hupanda lifti hadi ghorofa ya nne, kisha hushuka kwa ngazi za mzunguko. Juu kabisa nilikuta seladoni, vyombo vya kauri vya enzi ya Goryeo (918–1392) ambavyo rangi yake si kijani kamili wala si samawati kamili. Xu Jing, mjumbe wa Uchina aliyeizuru Goryeo mwaka 1123, aliisifu rangi hiyo katika maandishi yake, na ikumbukwe kwamba Wachina ndio waliokuwa walimu wa Wakorea katika ufundi huo. Lakini wanafunzi hawakukomea kwenye kuiga. Wafinyanzi wa Goryeo waliuendeleza mtindo wa kutia njumu katika udongo: waliukata udongo mbichi kwa ncha kali, wakajaza mikato hiyo udongo mweupe au mwekundu, wakakwangua masalio, wakachoma, wakapaka maji ya madini yanayogeuka kuwa kioo tanurini, kisha wakachoma tena kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,200. Udongo mwekundu hutoka tanurini ukiwa mweusi. Ndivyo walivyopata korongo na mawingu, maua na mierebi, vikielea chini ya kioo. Miongoni mwa hazina za Leeum mna birika la karne ya 13 lenye umbo la kibuyu, lililozungushiwa petali za yungiyungi na kutiwa nakshi nyekundu za shaba. Nilisimama mbele yake kwa muda mrefu, na mwenyeji wangu hakunihimiza.

Ghorofa ya chini yake ina vyombo vya enzi ya Joseon, iliyoanza mwaka 1392. Hapa ndipo hoja yangu ilipozaliwa. Kwanza kuna vyombo viitwavyo buncheong, vya karne ya 15 na ya 16. Udongo wake ni wa kijivu, nao hufunikwa kwa ute wa udongo mweupe, aghalabu kwa brashi nene inayoacha michirizi yake. Juu ya ute huo mfinyanzi huchora samaki, jani, au mistari tu iliyokwenda upesi bila kurudiwa. Mtu aliyetoka kuitazama seladoni iliyotulia kama maji ya kisima huweza kudhani kwamba buncheong ni kazi ya mtu asiyejua sheria. Ukweli ni kwamba buncheong ilichipuka kutokana na seladoni yenyewe. Dola ilikuwa imebadilika, tanuri za zamani zilikuwa zimedhoofika, na wafinyanzi waliendelea na ujuzi waliokuwa nao kwa mkono uliolegezwa. Leo buncheong huwekwa katika fungu la sanaa ya kale na hakuna anayeshangaa. Katika siku zake ilikuwa usasa.

Pili kuna kauri nyeupe, na kati ya hizo, mtungi ambao Wakorea huufananisha na mwezi mpevu. Mitungi ya aina hii ilifinyangwa katika karne ya 17 na ya 18. Kimo chake huzidi sentimita 40, nayo haina nakshi hata moja. Kwa kuwa udongo wa chombo kikubwa kiasi hicho ungeporomoka kama ungefinyangwa kwa mkupuo mmoja, mfinyanzi hufinyanga mabakuli mawili, akalipindua moja juu ya jingine na kuyaunga kiunoni. Kiungo hicho hakifichiki kabisa. Mtungi ukitoka tanurini huwa umeinama kidogo upande mmoja, na inama hiyo ndiyo inayopendwa. Nilipoelezwa haya nilikumbuka mshororo wa shairi letu la arudhi: mizani minane ya ukwapi na minane ya utao, vipande viwili vilivyoungwa katikati ili pumzi ya muimbaji isiporomoke. Sidai kwamba kuna uhusiano wa kihistoria kati ya mambo haya mawili. Nasema tu kwamba fundi wa udongo na fundi wa maneno walikabiliwa na tatizo la namna moja, nalo ni jinsi ya kubeba uzito mkubwa kwa vipande viwili na kukiacha kiungo kuwa sehemu ya uzuri.

Ukitoka hapo ukaingia katika sanaa ya karne ya 20 na ya 21, hauachani na mtungi huo. Mchoraji Kim Whanki (1913–1974), ambaye ni mmoja wa waanzilishi wa uchoraji wa dhahania nchini Korea, alikuwa mkusanyaji wa mitungi hiyo meupe na aliichora mara kwa mara kabla ya kuhamia katika michoro ya nukta tupu. Lee Ufan, aliyezaliwa mwaka 1936, alichora mistari ya rangi kwa brashi iliyochovywa mara moja tu, mstari ukafifia kadiri rangi ilivyokwisha. Aliyewahi kuiona michirizi ya brashi kwenye buncheong hawezi kuuita mchoro huo mgeni. Suh Do-ho, aliyezaliwa mwaka 1962, ni mwana wa Suh Se-ok, mchoraji mashuhuri wa wino. Baba alishika wino na karatasi, mwana akashona nyumba. Alichukua vipimo vya nyumba ya jadi ya wazazi wake mjini Seoul na vya nyumba alizokaa Marekani, akazishona kwa kitambaa chepesi kinachopenyeza mwanga, kiasi kwamba nyumba huweza kukunjwa na kutiwa sandukuni. Mwaka 2012 Leeum ilifanya maonyesho makubwa ya kazi hizo. Kwa mtu aliyeishi ugenini, hakuna haja ya ufafanuzi.

Hata waandalizi wa jumba wenyewe wamewahi kuupuuza mpaka huo. Mwaka 2014, walipoadhimisha miaka kumi ya Leeum, walipanga kazi za kisasa miongoni mwa zile za kale ili zizungumze. Cha kale hakikuwekwa pale kiwe hakimu wa kipya, na kipya hakikuwekwa pale kiwe mzishi wa cha kale.

Sasa tujitazame. Kila mwanafunzi wa ushairi katika vyuo vyetu anaujua mgogoro wa wanamapokeo na wanamabadiliko. Tunajua kwamba Kaluta Amri Abedi alichapisha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954. Tunajua pia kwamba Euphrase Kezilahabi alichapisha Kichomi mwaka 1974 na kuzua kelele zilizosikika kwa miongo kadhaa. Tunazikariri hoja za pande zote mbili kwa ajili ya mtihani. Katika vyumba vya semina nimewasikia wenzangu wakijitambulisha kama wafuasi wa kambi hii au ile, mithili ya mashabiki wa timu za kandanda. Ukimwuliza mwanamapokeo wetu akuimbie ubeti mmoja wa Muyaka, ataomba udhuru. Ukimwuliza mwanamabadiliko wetu akueleze ni mapokeo gani hasa ambayo Kezilahabi aliyakaidi, atakutajia vina na mizani, kisha atanyamaza. Tumeurithi ugomvi bila kurithi mali iliyogombewa.

Aidha, ugomvi huo una kasoro ambayo buncheong iliniwezesha kuiona. Unachukulia kwamba mapokeo ni kitu kimoja kilichosimama tangu zamani, na kwamba mabadiliko yalianza juzi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alilitumia shairi la tarbia kubeba siasa za mji wake, mapenzi, njaa na masihara, wakati ambapo tungo nyingi zilizohifadhiwa kabla yake zilikuwa za dini na mashujaa. Kwa watu wa wakati wake hayo yalikuwa mabadiliko. Abdilatif Abdalla naye alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki akiwa kifungoni kati ya mwaka 1969 na 1972. Arudhi yake ni ya kale, lahaja yake ni Kimvita, na dhiki yake ni ya dola huru ya Kiafrika iliyomfunga raia kwa sababu ya maandishi yake. Tumtie ghorofa gani? Kithaka wa Mberia katika Mchezo wa Karata (1997) aliyapanga maneno ukurasani hata jicho likasoma kabla ya sikio. Je, jicho hilo halikuwahi kufunzwa na khati za Kiarabu zilizopamba kuta na miswada ya pwani? Huenda lilifunzwa, huenda halikufunzwa. Maswali ya namna hii ndiyo yanayostahili nafasi katika semina zetu, na hayaulizwi kwa sababu kila kambi inalinda lango lake.

Kuna funzo la kutisha zaidi katika ghorofa ile ya nne. Ufundi wa seladoni ulikufa. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 14 ulififia, na kwa karne nyingi hakuna aliyeweza kuitoa tena rangi ile aliyoisifu Xu Jing. Wafinyanzi wa karne ya 20 waliotaka kuufufua walilazimika kurejea kwenye magofu ya tanuri za Gangjin na Buan, wakaokota vigae, wakavichunguza, wakajaribu na kukosea kwa miaka. Vyombo vilikuwapo, mikono ilikuwapo, ila uzi uliounganisha hiki na kile ulikuwa umekatika.

Je, uzi wetu uko salama? Karibu tungo zote za Kiswahili za kabla ya karne ya 20 ziliandikwa kwa hati za Kiarabu. Ni wanafunzi wangapi wa Kiswahili katika chuo chetu wanaoweza kusoma mstari mmoja wa hati hizo? Mimi mwenyewe sikuweza siku ile nilipoulizwa, na hiyo ndiyo sehemu ya aibu niliyoimeza. Mkusanyiko mkubwa wa miswada hiyo umo katika maktaba ya SOAS, London. Mwingine mkubwa umo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nao unatustahilia sifa kwa majirani zetu. Mingine ingali majumbani mwa watu pwani, ndani ya makasha, ikiliwa na mchwa na unyevu. Sisi tunaitegemea nakala ya Kirumi iliyoandaliwa na mhariri fulani, tunayaamini masahihisho yake, na hatuna namna ya kumhoji. Mtaalamu asiyeweza kuusoma muswada wa fani yake ni sawa na mfinyanzi aliyeona seladoni pichani tu.

Ninatarajia pingamizi. Mtu atasema kwamba Korea ni nchi tajiri na kwamba Leeum ni jumba la matajiri. Ni kweli. Mkusanyiko wake ulianzwa na Lee Byung-chul, mwasisi wa Samsung. Baada ya mwanawe Lee Kun-hee kufariki mwaka 2020, warithi waliikabidhi serikali kazi za sanaa zipatazo 23,000 mwaka 2021, ukiwemo mchoro wa Jeong Seon wa mwaka 1751 unaouonyesha mlima Inwang baada ya mvua. Mtu anaweza kuuliza, na ana haki ya kuuliza, kama urithi wa taifa unapaswa kungojea fadhila za ukoo mmoja. Lakini utajiri haulielezi jambo hili lote. Korea ilitawaliwa na Wajapani kuanzia mwaka 1910 hadi 1945, ikateketezwa na vita kuanzia mwaka 1950 hadi 1953, na vyombo vyake vingi vilichukuliwa kupelekwa ng'ambo. Walioanza kukusanya walianza kabla nchi haijatajirika.

Isitoshe, sisi pia hatuko mikono mitupu. Makumbusho ya Lamu yana siwa, na Fort Jesus ina kauri za Uchina za aina zilizowahi kupamba vidaka vya nyumba za Waswahili. Jijini Nairobi, katika jengo la Nyaraka za Taifa lililo kando ya barabara ya Moi, mna ukumbi wenye mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa makamu wa rais mwaka 1966. Murumbi naye alikusanya vya kale na vya kisasa kutoka pembe nyingi za Afrika. Maelfu ya wanafunzi hupita mlangoni pa jengo hilo kila wiki wakikimbilia matatu. Tunaolalamika kwamba hatuna makumbusho, tumewahi kuingia mangapi?

Kwa hivyo napendekeza mambo matatu, na yote yako ndani ya uwezo wetu. La kwanza ni kwamba kozi zetu za ushairi ziache kuanzia kwenye mgogoro. Mwanafunzi na asome Muyaka na Kezilahabi katika juma moja, tungo mbili zenye mada moja zikiwa mezani, ajionee mwenyewe kilichobaki na kilichobadilika. Mgogoro uje mwishoni, kama sura ya historia ya uhakiki. La pili ni kwamba kusoma Kiswahili kwa hati za Kiarabu kuwe sehemu ya mafunzo ya shahada yetu. Hili halihitaji jumba la Botta. Linahitaji mwalimu, ubao na muhula mmoja, na mwanafunzi aliyejifunza anaweza kuendelea kwa kutumia picha za miswada ya SOAS zilizowekwa kwenye intaneti. La tatu linatuhusu sisi wa chama hiki. Wenzetu wanaotoka Lamu, Mombasa, Kwale na Kilifi wakienda likizo, waulize wazee wao kama pana muswada nyumbani. Wauombe kwa adabu, waupige picha na kuurudisha pale pale ulipotoka, pamoja na jina la mwenyewe na la mtunzi likijulikana. Picha hizo ziwekwe maktabani, na kila mwaka, siku ya kongamano letu, zitundikwe ukutani kando ya mashairi mapya ya wanachama.

Nasisitiza suala la jina. Vyombo vingi vya kale nilivyoviona Seoul vimetajwa karne yake na umbo lake, lakini si aliyevifinyanga. Hakuna aliyeliandika jina lake. Watunzi wetu wa kale walikuwa na bahati zaidi, kwani baadhi yao walijitaja katika beti zao za mwisho. Itakuwa hasara mara mbili iwapo mtunzi alijitaja na sisi tukakosa macho ya kumsoma.

Bado nina deni la jibu kwa yule mwanafunzi wa Seoul. Ameniandikia kwamba anatarajia kuja Kenya. Nimemwahidi kwamba nitampeleka Nyaraka za Taifa, kisha Fort Jesus, kisha Lamu. Ningependa safari hiyo ianzie katika maktaba ya chuo chetu, mbele ya ukuta wenye picha kumi za miswada tulizozipiga wenyewe, na akiniomba nimsomee mstari mmoja, niweze. Nimeanza kujifunza herufi. Nawaalika wenzangu tujifunze pamoja.